Mshika Breki wa Jongoo

Vijana wangu, kile kiti mlichokifunga juu ya kuni ili babu yenu nikalie, kifungueni mkakitie jikoni. Najua mlitaka kunienzi. Kikundi chenu kimepata kimashine kipya cha minyororo cha kushushia kuni kutoka mlimani, mkasema tumwite mzee aliyewahi kuendesha vitu hivi, tumpandishe juu, tumpige picha. Nikaondoka bila kuaga, na sasa nasikia Lumuma nzima inasema mzee Salehe ana gubu. Ndiyo, ninalo. Kaeni niwaambie nimelitoa wapi. Na baada ya hapo, atakayemkalisha binadamu juu ya mzigo kwenye mteremko asinipe shikamoo, maana sitaiitikia.

Kazi hiyo niliifanya shamba la mkonge, ile miaka baada ya Uhuru, shamba likiwa limekwisha kutwaliwa na serikali na kila mtu akiitwa ndugu. Kiwanda kilikuwa na boila, na boila halikujua kushiba. Mchana kutwa lilikuwa linadai kuni. Zamani kuni hizo zilishuka kwa troli, yaani vibehewa vidogo vinavyopita juu ya reli nyembamba, kutoka chini ya mlima hadi kiwandani. Havikuwa na injini. Kwenda vilivutwa na punda, kurudi vilishuka vyenyewe kwa uzito wa kuni, na juu ya mzigo alikaa mtu mmoja, mshika breki, ameshika mkono mrefu wa chuma. Akiuvuta, kipande cha mti kinagandamiza gurudumu, troli inapunguza mwendo. Asipouvuta, troli inaingia kiwandani na kuua watu.

Kwa hiyo mshika breki alikuwa mtu wa kuheshimiwa, na walikuwa na sheria yao moja ambayo haikuandikwa popote: mshika breki haruki. Troli iwake moto, itoke relini, wewe unabaki pale pale na mkono wako. Aliyeruka hakurudi tena kazini, na hata kilabuni wenzake walimwachia benchi akae peke yake. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake, sikatai. Ilikuwa na maana kwenye reli.

Sasa miti ya karibu na reli ikaisha. Tuliifyeka wenyewe, msiniulize. Kuni zikabaki juu kwenye miteremko, huko ambako reli haipandi. Ndipo yakaletwa makatapila madogo mawili. Yalikuja kwa treni, tukayashusha Kidete stesheni, watu wote wakatoka kuangalia. Kimashine kina minyororo miwili chini, mbele kina bodi ya kuwekea mzigo, nyuma kuna kibao dereva anasimama, na mbele yake mikono miwili: ukivuta wa kushoto kinakata kushoto, ukivuta wa kulia kinakata kulia, ukivuta yote kinasimama. Breki yake iko humo humo. Injini unaipiga kwa hendeli, na hendeli ikikurudi inakuvunja mkono. Kinatembea mwendo wa mama mjamzito anayetoka kisimani. Watu wa kambini wakakiita Jongoo, na jina likaganda.

Aliyenifundisha ni Fundi Athumani wa karakana, mtu wa matusi. Hakuwahi kunisifu hata siku moja. Alinipandisha mlimani na Jongoo tupu, akaniambia, "Kwenye mteremko una njia mbili tu, juu na chini. Ukikata ubavuni kama mbuzi, nitakuja kukuzika na sitavaa kanzu." Mengine alinifundisha kwa kunipiga kofi la kisogo. Nanyi nawaambia bila kofi, ingawa mnastahili, maana nimewaona mnavyopakia.

Mzigo uwe chini. Kuni zikizidi kimo cha kiuno chako ukiwa umesimama kando, umekwisha kosea. Magogo mazito yatangulie kulala sakafuni, vijiti juu, na ufunge kwa mnyororo siyo kwa kamba ya katani, maana katani ikilowa inalegea na ikikauka inakudanganya. Ukishuka, mzigo ukutangulie wewe uwe nyuma, upande wa mlimani. Usigeuze mashine katikati ya mteremko, tafuta tambarare hata kama ni mbali. Na majani marefu usiyaamini. Chini ya majani kuna mashimo ya mhanga, yule mnyama anayefukua mchwa, na shimo la mhanga linameza mnyororo mzima. Mwenzako atangulie na fimbo anapapasa. Anayetangulia anatembea kwa miguu. Hakai juu. Hakuna kazi yoyote juu ya mzigo wa katapila. Hakuna hata moja.

Lakini sisi tulikuwa na mtu juu.

Mzee Petro alikuwa mshika breki wa troli tangu enzi za Wagiriki wenye shamba. Baba yake aliletwa kama manamba kutoka upande wa Kigoma, akafia kambini, naye Petro akazaliwa kambini, akaolea kambini. Hakuwa na kwao pengine. Shamba hakuwa nalo, ukoo hakuujua, lugha ya baba yake alibaki na maneno machache ya kuombea. Alichokuwa nacho ni chumba na sebule katika nyumba za kambi, mkewe Mama Anjela, na bustani ya mchicha nyuma ya nyumba. Na nyumba ilikwenda na kazi. Ukiacha kazi, mwisho wa mwezi unatoa vyombo nje. Mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa kukaa juu ya kuni miaka yote hiyo, jembe hakuliweza tena. Kwa hiyo mkiniuliza Mzee Petro alikuwa anashikilia nini kule juu, jibu ni hilo: alishikilia nyumba yake.

Reli ilipong'olewa, kazi yake ikafa. Hapo ndipo kila mtu alipaswa kukaa chini kama watu wazima na kusema, huyu mzee tumpe kazi nyingine. Angeweza kuhesabu mizigo pale boila. Angeweza kulinda ghala. Kazi za kukaa zilikuwepo, na waliozikalia walikuwa wajomba na mashemeji wa watu. Badala yake meneja akasema maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka natema mate: "Ikama ya wafanyakazi inasema kila chombo cha kuni kina dereva na mshika breki. Jongoo ni chombo cha kuni. Petro ataendelea."

Msidhani meneja alikuwa mjinga. Alikuwa mtu mwerevu, mpole wa maneno, na alijua kabisa kwamba Jongoo hana breki ya kushikwa na mtu wa juu. Alichotaka ni kutosumbuliwa. Kumhamisha Petro kulihitaji kwenda kuomba makao makuu, kujieleza, pengine kumgusa shemeji wa mtu. Kumwacha juu ya kuni hakukuhitaji chochote.

Wote wakafurahi. Wenyeviti wa chama wakasema Ujamaa haumwachi mtu. Mzee Petro mwenyewe akaja karakana na mkono wa breki wa troli yake ya zamani, ameusugua kwa mchanga mpaka unang'aa, akamwomba Fundi Athumani auchomelee kwenye bodi ya Jongoo. Na Athumani, mtu wa matusi, aliyekuwa akinizaba makofi kwa kulegeza nati moja, akawasha mtungi wake wa gesi akauchomelea. Haukuunganishwa na kitu. Ulikuwa chuma kimesimama tu, unakivuta kinaenda nyuma, unakiachia kinarudi. Nikamuuliza Athumani, fundi, hii ni nini sasa?

"Nyamaza," akasema. "Mwache mzee wa watu ashike kitu."

Nilicheka siku hiyo, na nyinyi mnacheka sasa. Kila mtu alicheka. Watoto wa kambini walimsubiri Mzee Petro njiani, naye alipowaona aliuvuta mkono wake kwa nguvu na kukunja uso, mimi nyuma navuta mikono yangu miwili, Jongoo anasimama, watoto wanashangilia, "Breki!" Akawa anaitwa hivyo, Mzee Breki. Akishuka jioni anamwambia mkewe leo mlima ulikuwa mkali lakini tumeshuka salama. Mama Anjela anampa maji ya kuoga. Ilikuwa inachekesha kwa sababu ardhi ilikuwa kavu.

Mimi nilimwambia. Nataka mlisikie hili vizuri, kwa sababu wapo wanaosema Salehe naye alinyamaza. Nilimwambia usoni, tukiwa tumekaa kula mihogo kule juu. Nilisema, "Mzee Petro, shikamoo yako iko pale pale, lakini kile chuma hakishiki kitu. Siku hii mashine ikilala ubavu, mimi nitaruka nyuma. Wewe utakuwa chini ya kuni. Tembea mbele na fimbo, mshahara ni ule ule."

Akatafuna kwanza. Akasema, "Mdogo wangu Salehe, mtu wa kutembea na fimbo anaitwa kibarua. Kibarua hana nyumba."

"Tutasema na meneja."

"Utasema wewe. Wewe ukifukuzwa una shamba la mama yako Lumuma. Una kwenu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha njia ya stesheni.

Nikaenda kusema. Nikasimama kwenye mkutano wa wafanyakazi, nikaomba Mzee Petro ashushwe apewe kazi ya ghalani. Mwenyekiti wa tawi la chama akasimama na vidole mfukoni, akaniuliza tangu lini dereva anapanga kazi za wenzake. Akawageukia watu akasema hizi ndizo fikra za kibepari, mtu akipata mashine anataka kumwondoa ndugu yake. Watu wakaguna. Mzee Petro alikuwa amekaa mstari wa mbele anaangalia miguu yake. Meneja akatabasamu akasema hoja imepokelewa. Mnajua maana ya hoja imepokelewa? Maana yake keti chini.

Nikatoka. Nimekutana na chui kwa miguu, na baadaye huko Mikumi nimeendesha trekta huku tembo amesimama barabarani ananipimapima, lakini sijawahi kuona kitu cha kutisha kama ukumbi mzima wa watu wema waliokubaliana kutosema jambo.

Basi mvua za kwanza zikanyesha. Wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja kuona kiwanda, na asubuhi hiyo hiyo kuni zilikuwa zimekwisha. Boila limepoa. Meneja akapanda mwenyewe mlimani na buti zake, anatokwa jasho. Njia yetu ya kushukia, ile ya moja kwa moja, ilikuwa imejaa tope kule chini, ingebidi tusubiri jua liikaushe. Akanyoosha kidole ubavuni mwa mlima. "Pita pale. Mnatokea barabarani mara moja."

Nikamwambia pale hapapiti. Majani yamelowa, mashimo hayaonekani, na mzigo mmeurefusha mno. Walikuwa wamepakia kama troli, mpaka juu ya kichwa changu, kwa sababu wapakiaji wote walikuwa watu wa reli na mikono yao ilizoea hivyo. Nikasema nitashuka njia ya siku zote nikipunguziwa nusu ya mzigo, na Mzee Petro atatembea.

"Wewe ni dereva," akasema meneja, kwa upole ule ule. "Kupanga watu ni kazi yangu."

Nikazima injini, nikamkabidhi hendeli mkononi. Nikamwambia basi panga. Akamwita dereva wa trekta la kule bondeni, kijana mzuri tu, ambaye hakuwahi kuendesha mteremkoni hata baiskeli. Mimi nikaambiwa nibaki na wapakiaji, mambo yangu yataangaliwa baadaye. Wapo waliosema miaka yote kwamba ningeendesha mwenyewe, pengine yasingetokea. Wanyamaze. Ningeendesha mimi, kesho yake wangerefusha mzigo tena, na kesho kutwa tena. Dereva akikubali mara moja, ndiyo imekuwa utaratibu.

Mzee Petro akapanda. Alipanda kwa shida, tukamsukuma, akakaa, akashika mkono wake. Nikamwita jina lake. Akaniangalia, akanipungia kama mtu anayeondoka na treni.

Hawakufika mbali. Mnyororo wa upande wa bondeni ukaingia kwenye shimo la mhanga, polepole, wala si kwa kishindo. Jongoo akainama. Dereva akaruka, kama nilivyosema dereva ataruka, akaangukia upande wa juu akasimama mzima. Mzigo ulibaki umeinama pale, ukilia minyororo, na nafasi ya kuruka ilikuwepo. Sote tuliiona. Nilipiga kelele, "Ruka, Mzee Petro!" Na alinisikia, kwa sababu aligeuka akanitazama. Kisha akageuka mbele, akauvuta ule mkono kwa mikono yake yote miwili, na mgongo wake ule mbovu, akauvuta mpaka mwisho.

Kuni zikamwagika naye. Ubao wa bodi ukamlalia mguu. Tuliuinua kwa miti, tukamfunga kwenye machela ya magunia, tukashuka naye hadi Kidete, tukabahatika kupata treni ya mizigo, ikatufikisha Kilosa. Njia nzima kandokando ya mto Mkondoa hakulia. Mguu waganga wa hospitali walijitahidi nao, lakini ulikuwa umesagika, ikabidi wauondoe juu ya goti.

Sasa hapa ndipo penye gubu langu, maana ajali ni ajali, hata mimi naweza kuimeza. Kukaitishwa mkutano. Mwenyekiti wa tawi akasimama akamsifu Mzee Petro. Akasema huyu ni mfanyakazi wa kuigwa, hakuiacha breki yake hadi dakika ya mwisho. Na watu wakapiga makofi. Nilikuwa pale, niliyasikia. Watu walewale waliojua kile chuma hakikuwa breki, waliokicheka kila jioni, wakapiga makofi. Fundi Athumani peke yake hakupiga. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi, na alipoona nimemfuata akanitukana, kisha akalia.

Jongoo akainuliwa akanyooshwa. Kwa kuwa ikama ilikuwa na nafasi ya mshika breki na nafasi ikawa wazi, meneja akaijaza. Akaletwa mtu kutoka Mvumi. Akapandishwa juu ya kuni. Mimi niliacha kazi siku ile niliyomwona amekaa pale, nikatupa hendeli mlangoni pa ofisi. Lakini kabla sijarudi Lumuma niliitwa na Mama Anjela, nimsaidie kutoa vyombo nje, kwa sababu nyumba ilikuwa inatakiwa na mwenye kazi. Tulibeba kitanda, masufuria, mtungi. Mchicha akauacha.

Nilikwenda hospitali Kilosa kumwona, na nilikwenda nikiwa nimefura. Nilikuwa na hasira naye pia, sitawaficha. Nikaketi, nikampa shikamoo, akaitikia. Nikamuuliza lile swali nililokuja nalo.

"Mzee Petro, ulinisikia. Kwa nini hukuruka?"

"Nilikusikia."

"Ulikuwa unadhani kile chuma kitakamata?"

Akanitazama kama anayemwonea huruma mgonjwa. "Salehe, nimeshika breki tangu sijaota ndevu. Unadhani mimi sijui breki ikiwa imefungwa na ikiwa haijafungwa? Nilijua siku ile ile Athumani alipozima mtungi wake."

"Sasa?"

"Sasa ningeruka, mguu ungepona. Kesho yake wangesema Petro aliacha kazi yake katikati ya mteremko. Na ile nyumba ningeipata wapi tena?"

Nilikuwa nimekuja na habari, na habari yenyewe ilikuwa imenikaa mdomoni kama jiwe. Nikamwambia. Nikamwambia vyombo viko kwa jirani, Mama Anjela yuko kwa watu wa kanisani, nyumba ameingia mwingine.

Akapapasa shuka pale ambapo mguu haukuwepo. Hakumtaja meneja, hakumtaja mwenyekiti.

"Huyo aliyewekwa," akauliza, "ana familia?"

"Ana mke. Na mtoto mchanga."

Mzee Petro akageuza uso ukutani.

"Basi na yeye hataruka," akasema.